Barua Tatu za Gari

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu karibu na Nyarugusu, na nililiandikia gazeti barua tatu. Zote nilizianza vilevile: "Bwana Mhariri, nipe nafasi katika gazeti lako nami nitoe machache." Kisha nikalilia gari la kuwapeleka wajawazito hospitali. Mtoto wetu wa kwanza alifia huko, nami niliamini kabisa kwamba baiskeli ndiyo iliyotuchelewesha. Barua zikachapwa. Mhindi mwenye duka akazibandika ukutani na kuwasomea wateja, nami kichwa kikavimba.

Gari likaja kweli, sijui kwa barua zangu au kwa bahati, likaegeshwa zahanati. Wiki mbili hakupanda mwanamke hata mmoja. Mke wangu naye, mimba imekaribia kutimia, akaanza kufunga mzigo aende kwa mama yake kwa miguu.

Nilifoka. Nilimwuliza kama anataka nizike na huyu wa pili.

"Gari halina ubaya, Mwalimu," akasema, huku akikunja kanga. "Huko linakokwenda ndiko sitaki. Nesi alimfungia mama nje. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka."

Nikaukumbuka mlango ule wa hospitali. Mama mkwe alisimama upande wake, mimi wangu, tumepeana visogo, maana kwa heshima ya Kisukuma mtu hamtazami mkwewe usoni. Nilisikia "Mayu! Mayu!", yaani mama, nikadhani ni uchungu tu. Mkwe wangu alikuwa akilia. Sikuthubutu kugeuka, sembuse kumwuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliandika barua tatu. Mwenye duka alizijua kabla yangu."

Nikaketi, nikaandika ya nne: mama wa mwanamke anayejifungua aruhusiwe kuingia naye. Hiyo nilimsomea. Akasema imekaa vizuri, kisha akajitwika mzigo wake.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Gazeti litachukua mwezi. Mimi sina mwezi."

Siku ya tano nilisimama tena nje ya mlango, safari hii kwa wakwe, sijui kama nimefanya vema kumwacha ajifungulie huko. Mke wangu akaita, "Mayu!" Sauti ikamjibu kutoka ndani, "Nipo, mwanangu."

Mtoto alilia kabla jua halijazama. Barua ilikuwa bado mfukoni, na sikujua niipeleke kwa mhariri au kwa yule nesi aliyefunga mlango.