Saa Ambayo Kaka Angepita Juu Yetu

Jiwe la kusagia ndilo lililoniamsha karibu kila asubuhi ya utoto wangu: krr, krr, mama amepiga magoti akisaga uwele, na harufu ya unga mbichi ikinifuata hadi kitandani. Tulikuwa tumehamia karibuni katika kijiji cha ujamaa, upande wa Ilongero, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi. Ukikohoa, jirani anakupa pole.

Mwaka ule, baada ya mavuno, kaka yangu Elia aliandika kutoka Dodoma. Amehamishiwa kazi Mwanza, hakupata ruhusa ya kuja kuaga, na atapanda ndege Jumamosi saa nne asubuhi. Kwetu mtoto haendi mbali kabla mama yake hajamnyunyizia maji yenye unga wa uwele uliosagwa asubuhi hiyohiyo, akimtamkia mema. Mama akasema, "Si atapita juu yetu? Nitamnyunyizia akipita." Akanigeukia mimi, binti wa darasa la sita. "Msomi ni wewe. Nitafutie saa atakayopita."

Mwalimu alikuwa ametufundisha mwendo wa ndege kwa saa. Nikachukua uzi, nikaulaza juu ya ramani ya darasani kufuata kila kona ya barabara: Dodoma, Manyoni, Mkiwa, Singida, hadi kwetu. Nikapima, nikagawanya, nikapata saa tano kamili. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini haya ilinizidi, sikumwonyesha mwalimu.

"Atapitia Mkiwa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama." Sisi tulijua safari gani isiyopitia Mkiwa?

Jumamosi mama akasaga taratibu, kibuyu cha maji kando yake, nami nikakodolea macho upande wa Mkiwa. Jirani yetu Mama Yohana, mwenye redio, alitutangazia saa kutoka mlangoni kwake. Saa tano ilikuwa bado. Jiwe lilikuwa linanguruma; ngurumo ilipozidi, tukadhani ni jiwe tu.

"Wee Mama Elia!" jirani akapiga kelele. "Mwanao huyo nyuma yako! Umempa mgongo!"

Ndege ilikuwa juu ya ghala, upande ambao hakuna hata njia ya mbuzi. Mama hakuwahi kuchanganya kitu. Alirusha unga mkavu kwa mkono mmoja, akapuliza maji kwa kinywa, akaita, "Nenda, baba, wema ukutangulie!" Unga wote ukanishukia kichwani.

"Msomi wako kaipitisha ndege barabarani," Mama Yohana alicheka, "labda ingeshusha abiria Mkiwa!"

Nilitaka kulia. "Mama, nimemkosesha?"

"Nimemwona, nimemwita," mama alisema, akinipangusa uso. "Kwani baraka zina saa?"

Baada ya wiki kadhaa Elia aliandika kwamba amefika salama, ila kwa hofu alifumba macho tangu Dodoma hadi alipoambiwa, "Ziwa hilo!" Mama aliniambia nimsomee sehemu hiyo mara tatu, akicheka hadi machozi.

Leo wajukuu wangu huruka toka Dar es Salaam hadi Mwanza kabla maharage yangu hayajaiva. Hunipigia simu wameshatua, nami sikujua hata kama wameondoka. Sinung'uniki, wanafika salama. Ila mlio ukipita juu, mimi hutoka nje na kuita jina la yeyote kati yao. Huenda ndiye.