Kifua cha Mzee

Katika karakana ya miguu bandia, nyuma ya hospitali kubwa, alikuwepo fundi mmoja mwanamke ambaye wagonjwa walimwita Mama Hatua. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Jina alilipata kazini, kwa watu walioingia kwa magongo wakatoka wakitembea, nao wakaona haiwezekani kumwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Alikuwa anaukaribia uzee bila haraka, mfupi, mikono mipana, na ile plasta nyeupe ya kupimia miguu haikumtoka chini ya kucha hata siku alipomwozesha mdogo wake.

Kazi aliijua. Kabla ya kuchukua vipimo alikishika kigutu cha mgonjwa kwa viganja viwili, akakipapasa taratibu kama mtu achaguaye parachichi sokoni, kisha akauliza, "Hapa ndipo panapokuuma, sivyo?" Mgonjwa alibaki kumtazama tu. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapokaa, akikichonga yeye hakimchubui mtu.

Waliokuwa wakifanya kazi hiyo naye ni mkuu wa karakana, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na fundi mwenzake waliyemwita Msumari kwa wembamba wake. Msumari alimwita dada. Kwa hiyo mke wa Msumari alimwita wifi, naye akaitika wifi, na mabinti wawili wa nyumba ile wakamwita shangazi. Udugu wenyewe ulianzia kwenye chai ya saa nne, lakini ulikuwa umeshika mizizi.

Asubuhi moja, kwenye chai hiyohiyo, mkuu alisema kuna hospitali ng'ambo ya mpaka inayoomba fundi mmoja kwa miezi mitatu. Alipoitaja nchi, Msumari aliacha kukoroga sukari. Nchi ile waliijua kwa redio: mabomu yaliyotegwa mashambani, watu kutekwa njiani, na mkataba wa amani ambao hata waliousaini walionekana kutouamini. Serikali ilikwishawashauri raia wake wasiende huko ila kwa jambo lisilo na budi.

"Wanaosubiri miguu wanajaza uwanja wa mpira," mkuu alisema. "Simlazimishi mtu. Ila sitawaficha, nilikufikiria wewe, Mama Hatua. Majeruhi wa mabomu umewashughulikia zaidi yetu sote."

Mama Hatua akaomba apewe mpaka Ijumaa.

Siku zile aliuliza kila mtu. Alimwuliza mfanyabiashara aliyekuwa akileta nguo kutoka kule. Yule mama akampungia mkono: "Mji wenyewe shwari, mwanangu. Njia ndiyo ina mambo. Ukifika, umefika." Alimwuliza jirani aliyekuwa na shemeji askari. Huyo akatikisa kichwa tu, na kutikisa kichwa kule kukamkosesha usingizi kuliko maneno. Asubuhi aliamka ameamua kwenda, mchana redio ikisema neno, anaamua kubaki. Mtu mmoja tu hakumwuliza, naye ndiye aliyekaa naye nyumba moja. Baba yake alikuwa dereva mstaafu wa malori, na nchi ile aliwahi kuikata kwa gari tangu mpaka hata mpaka. Hakumwuliza kwa sababu jibu lake alilijua. Mzee angesema, "Nenda, mama."

Ijumaa ikafika. Alikuwa amejiandaa kusema hajaamua bado. Mkuu alipomtazama juu ya ile miwani, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni baba, mkuu. Kifua kimembana vibaya. Siwezi kumwacha."

Maneno yalitoka yamevaa na kuchana nywele, kana kwamba yalikuwa mlangoni yakisubiri zamu. Na yalikuwa na chembe ya ukweli, kwani mzee alikuwa na pumu tangu zamani. Ila pumu hiyo ilikuwa haijamsumbua mwaka mzima, na asubuhi ileile alimwacha akibishana na muuza magazeti juu ya mpira.

"Pole sana," mkuu akasema.

"Dada, usihangaike," Msumari akadakia. "Wewe mtunze mzee. Nitakwenda mimi."

Hapo ndipo Mama Hatua angeweza kusema kweli. Chai ilikuwa bado ya moto, walikuwa watatu tu, na neno lenyewe halikuwa refu. Lakini ulimi uliokuwa hodari wa kudanganya uligoma kukanusha. Alichofanya ni kwenda kwenye meza yake, akachukua tupa yake nzuri kuliko zote, ile aliyomkataza kila mtu kuigusa, akampa Msumari aende nayo. Msumari akashukuru mpaka ikawa taabu kumsikiliza.

Msumari akaondoka. Jumamosi iliyofuata, mchana, Mama Hatua alikuwa jikoni akikoroga sufuria, akasikia hodi uani.

"Karibu, karibu!" Baba yake alikuwa ameipindua baiskeli ya jirani juu chini, anaziba pancha huku akipiga mluzi.

"Shikamoo, baba." Ilikuwa sauti ya mke wa Msumari. "Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa gani tena?"

Mwiko ukasimama. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu Mama Hatua alimwona wifi yake na kikapu cha mapapai mkononi, akamwona baba yake akigeuza kichwa polepole kuelekea jikoni. Macho yao yakakutana. Mzee aliuweka chini mpira wa gurudumu, akafuta mikono kwenye suruali, akashika kifua.

"Ahaa, kifua," alisema, akakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu asiye na mazoea ya kuigiza. "Leo kimenipa likizo kidogo. Kaa, mwanangu, kaa."

Mgeni alikaa, akamwombea dua, akampa pole na Mama Hatua pia. Alisema baba watoto amepiga simu, amefika salama, anamsalimu sana dada yake na anauliza hali ya mzee. Mama Hatua aliitikia kila salamu. Wifi alipoaga, mzee alimsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi akakaa kwenye kigoda.

"Maisha yangu yote nimebeba mizigo ya watu," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kupakiwa mzigo bila kuambiwa ni wa nini."

Mama Hatua akamweleza yote, amesimama, mwiko ungali mkononi. Mzee hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba.

"Kuogopa si kosa. Zipo barabara ambazo mimi nilizipita nimebana pumzi. Lakini si ungesema tu, naogopa? Umenitia ugonjwani mimi, ukamtia yule kijana njiani." Akamenya papai moja, akala kipande, akasukuma sahani. "Na hili siwezi kulila. Ni la mgonjwa."

Tangu siku ile Mama Hatua alitaka kukiri, na kila siku alipata sababu ya kungoja. Leo mkuu ana wageni. Leo simu ya Msumari haishiki vizuri. Msumari mwenyewe alipopiga alikuwa na furaha zake: mtoto mmoja kule ametembea, akaanguka, akacheka, akatembea tena. Mama Hatua alicheka naye, kisha akaenda kuwasha mashine ya kusagia ili mtu asisikie anavyopenga kamasi.

Halafu redio ikasema mapigano yameanza upya, karibu kabisa na mji ule. Mkuu alizima mashine, wakasikiliza wamesimama. Barabara imefungwa, simu zimekatika. Kabla mtangazaji hajamaliza, moyo wa Mama Hatua ulisema: afadhali si mimi. Ulisema upesi, kama kiberiti kinavyowaka na kuzimika. Hakuna aliyesikia. Lakini yeye alisikia, na kwa yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililomwangusha. Akavua aproni, akatoka bila kuaga.

Alimkuta mke wa Msumari anapiga pasi sare za shule. Redio ilikuwa imezimwa. Hakukaa.

"Wifi, baba yangu hakuwa mgonjwa. Safari ilikuwa yangu. Niliogopa, nikamsingizia mzee."

Mwanamke yule aliendelea kupiga pasi mpaka akaimaliza kola. "Hakuwa mgonjwa."

"Hakuwa."

"Na mimi nikaja na mapapai." Alitoa kicheko kimoja kifupi ambacho hakikufika machoni.

"Nisamehe."

"Ngoja." Aliiweka pasi wima. "Nikikusamehe leo, kesho nikaletewa habari mbaya, msamaha nitaudai kwa nani? Acha kwanza niisikie sauti yake. Nenda nyumbani, Mama Hatua."

Hakumwita wifi. Jina lile alilolipenda kwa wagonjwa lilimchoma kama la kupewa na adui.

Hata hivyo kesho yake alirudi, na keshokutwa. Mwenye nyumba hakumfukuza wala hakumkaribisha. Alimwonyesha ndoo, akachota maji. Alimwekea maharage mbele, akayachambua. Mabinti walipouliza, "Shangazi, baba atakuja lini?" alimtazama mama yao, na mama yao akatazama kwingine. Wakawa wanawake wawili wanaosubiri simu moja, mmoja kwa haki, mwingine kwa deni.

Simu ililia siku moja mchana, nambari ngeni. Mke wa Msumari alisikiliza, akakaa sakafuni. Msumari alikuwa hai. Walijificha kwenye stoo ya hospitali, wagonjwa na wauguzi pamoja, mpaka milio ikahamia mbali. Atarudishwa na msafara mwisho wa mwezi. "Plasta ipo tele," alisema, na sauti yake ikajaa chumba kizima. "Ila nikiondoka, mikono hakuna."

Usiku ule Mama Hatua alilala kama gogo. Asubuhi akamwambia mkuu kwamba Msumari akitoka, ataingia yeye. Mkuu akasema hospitali haimtumi mtu tena huko. "Hunitumi," akajibu. "Naomba." Mwishowe mkuu akamsainia likizo.

Mke wa Msumari alipopata habari alikuja mwenyewe karakana, akasimama mlangoni. "Kama ni kwa ajili yangu, usiende. Mimi sikukutuma, wala sitaki kuja kubeba na msiba wako."

"Najua," akasema Mama Hatua, ingawa hakujua.

Nyumbani, baba yake aliuliza swali moja tu. "Unakwenda kwa ajili ya wale wasio na miguu, au kwa ajili ya aibu?"

"Sijui, baba. Nimejipima, sijui."

Mzee akafikiri. "Basi nenda. Ila njiani usikae upande wa dirisha."

Mama Hatua alifika hajala siku nzima kwa hofu. Msumari alimpokea kwenye lango la hospitali, amekonda hata zaidi, kana kwamba hilo liliwezekana. Walikuwa na siku mbili za kukabidhiana kazi, na siku ya kwanza haikuisha kabla hajamwambia yote. Msumari aliendelea kusugua mguu kwa msasa.

"Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Ijumaa ile ile jioni nilimpita mzee wako sokoni, ana gunia la mkaa begani. Nikasema, kifua gani hiki?"

"Na ukaja!"

"Nilitaka kuja. Na wewe ulikuwa unatetemeka pale kwenye chai, hukujiona. Nikaona haya kukufedhehesha." Akapuliza vumbi. "Mke wangu sikumwambia. Hilo ndilo langu, na huko nyumbani litanisubiri."

Mama Hatua akashindwa kujua amshukuru au amzabe kibao. Majuma yale yote alijiona mwizi aliyejificha, kumbe mwenye mali alikuwa anamtazama na kunyamaza. Wala mzigo haukupungua. Aliona tu kwamba sasa ameubebesha na ndoa ya watu.

Msumari akaondoka na msafara. Mama Hatua akabaki miezi yake. Aliogopa kila siku, na safari hii alilisema neno lenyewe. Aliwaambia wauguzi wazi, "Jamani, mimi mwoga," nao wakacheka wakamwonyesha pa kukimbilia. Mara mbili walikimbia kweli. Siku nyingine zilikuwa za kazi tu, vigutu vya watoto na vya wakulima, foleni iliyozunguka jengo. Mikono ikiwa ndani ya plasta, hakukumbuka kosa lolote. Jioni akinawa, lilirudi.

Aliporudi, karakana ilimwandalia soda na keki. Mkuu akainuka kumpongeza: shujaa huyu, alisema, aliyemwacha baba yake kitandani akaenda kuwahudumia wengine. Watu wakapiga makofi. Mke wa Msumari alikuwa amekaa karibu na dirisha na mabinti zake, yeye hakupiga.

"Mkuu, samahani," Mama Hatua alisema, bado amekaa. "Baba hakuwa anaumwa. Mara ya kwanza nilikataa kwa woga, nikadanganya. Ndiyo maana Msumari akaenda."

Makofi yakafa kwa mafungu, huku na kule. Mkuu alivua miwani, akaikagua kwenye mwanga, akaivaa. Mwishowe akasema kuna mgonjwa chumba cha vipimo amengoja muda mrefu.

"Namwendea," akasema Mama Hatua. Alipopita karibu na dirisha, binti mdogo akamsogezea kipande cha keki kwenye karatasi. Mama yake hakumzuia. Akakipokea, akakiweka juu ya kabati la vifaa, akaenda kunawa mikono.