Siku Niliyosema Nimeshapita Tongoni

Aibu hii naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kigombe, maana wao wakiisimulia huongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Mtaani kwetu hapa Tanga kuna muuguzi mstaafu, Bi Tatu, aliyetukusanya wanawake wanane akatugawia wazee wanaoishi peke yao, watatu kwa kila mmoja, na kazi yenyewe ni kupiga simu kila asubuhi kuuliza umeamkaje, umekula, dawa umekunywa, basi, na mzee asipopokea mara mbili unampigia jirani yake akamgongee mlango. Mimi ni fundi cherehani, saa moja asubuhi niko kazini tayari, nikaona hii kwangu ni rahisi. Wazee wangu wawili walikuwa watu wa maneno machache. Wa tatu ni Mzee Mbwana wa Kigombe, aliyefiwa na mkewe Bi Saumu na watoto wake wako mbali, na Mzee Mbwana akiishika simu haiachi. Ataanza na kikohozi, aingie kwenye minazi, atokee kwenye kesi ya mbuzi wa jirani, na mimi huku nina gauni la watu linangoja zipu.

Basi Jumanne moja nikafanya uamuzi mdogo tu. Nikaweka simu kwenye spika, nikailaza pembeni ya cherehani, nikaendelea kushona, na kila aliponyamaza nikajaza pengo: "Ehee." "Inshaallah." "Hamna tabu, mzee wangu." Cherehani inalia, mzee anaongea, gauni linakwisha, nikajiona nimevumbua kitu. Mwisho akasema, "Mungu akuweke, mwanangu," nami nikaitikia amina (ya nini, sijui), nikaandika kwenye daftari: mzima, amekula. Siku zilizofuata alikuwa akikata simu mapema, anasema ana shughuli, na mimi badala ya kuuliza shughuli gani nikamshukuru Mungu.

Jumamosi binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa. Saa nne asubuhi niko kwa Mwanahawa, msusi wangu, napakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, mikono yote miwili mpaka karibu na viwiko, vidole nimevitanua kama kaa. Simu ikalia. Mwanahawa akaipokea akaniwekea sikioni.

"Zaina mwanangu, umefika wapi?"

"Shikamoo, mzee wangu. Nimefika wapi tena?"

"Marahaba. Nyama imeshaletwa, mchele umepepetwa, wanawake wamekaa na visu vyao wanakungoja wewe mwenye jiko. Hitma ya mama yako Saumu si leo?"

Jamani! Nikakumbuka zile hamna tabu zangu zote kwa mpigo. Hapo ningeweza kusema, mzee wangu nisamehe, sikukusikia, nakuja sasa hivi, yakaishia hapo. Ulimi ukanitangulia.

"Niko njiani, mzee wangu! Nimeshapita Tongoni!"

(Tongoni iko barabara hiyohiyo ya kwenda Kigombe, ukishaipita umebakiza kipande tu, ndiyo maana niliichagua.) Na Mwanahawa, asiyejua lolote, akanifokea: "We Zaina, tulia! Usitikisike, mikono haijakauka, na kichwa bado sijakusuka!"

Sasa Mzee Mbwana masikio yake ni mazito, na simu yake siku zote iko kwenye spika, jambo nililolijua vizuri kabisa nikalisahau saa ileile niliyolihitaji. Uwanja mzima ulisikia. Nikasikia sauti ya mwanamke, "Kumbe Tongoni siku hizi kuna saluni!" na kicheko kikapasuka. Simu ikakatwa.

Nikatoka vilevile, kichwa kimefungwa kanga, mikono juu. Dereva wa bodaboda akaniambia, "Dada, nishike vizuri." Nikamwambia siwezi, nina piko. Akasema, "Basi utaanguka na piko yako." Kwenye tuta la kwanza nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote, shati lake likabaki na viganja viwili vyeusi mgongoni, na jasho liliponiingia machoni nikajipangusa bila kufikiri. Yule kijana akaniangalia kwenye kioo chake. Nilimwona midomo ikimcheza.

Nilipofika, moto ulikuwa umeshawaka na Bi Mwantumu, jirani wa Mzee Mbwana, ndiye ameshika mwiko. "Karibu, Bi Tongoni," akaniambia. Nikajitia kutaka kumpokea mwiko. Akautazama uso wangu, akaitazama mikono, akasema, "Mikono hiyo haigusi chakula cha hitma. Kaa pale."

Nikakaa pale. Pale penyewe ni mkeka wa katikati, kila anayeingia ananipita, na mimi nina shavu jeusi na mikono imewekwa magotini kama nimeianika. Wanaume wakasoma, dua ikaombwa, pilau ikatoka, na kwa kuwa hata kula siwezi, Bi Mwantumu alinilisha kwa kijiko mbele ya watu kama mtoto aliyetoka jandoni. Harusi ya kwetu nayo nikaikosa, na shangazi ana maneno yake juu ya hilo mpaka leo.

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Mbwana akaja akakaa karibu yangu.

"Kina Mwantumu walitaka kupika wao tangu mwanzo," akasema. "Nikawaambia hapana, nina mwanangu mjini. Nikakuuliza mara tatu, Zaina, kazi hii haitakulemea? Mara tatu ukasema hamna tabu."

Hakupandisha sauti. Ni heri angepandisha.

Nilimweleza Bi Tatu mwenyewe kabla hajaambiwa. Nilidhani ataninyang'anya daftari. Akasema, "Utaendelea kumpigia huyohuyo," nikaona hiyo ni adhabu kubwa zaidi. Na kweli, kila asubuhi nikipiga, Mzee Mbwana anajibu, "Mzima. Nimekula," anakata. Siku nane mfululizo. Siku ya tisa nilizima cherehani, nikatoka nje nikakaa kibarazani, nikamwambia, "Mzee wangu, usikate. Niambie yale ya Jumanne, sikuyasikia."

Akakohoa kwanza, kama kawaida yake. Halafu akaanza upya, polepole: kwamba Bi Saumu ndiye aliyekuwa akimwamsha kila siku, na tangu afe, sauti ya kwanza anayoisikia asubuhi ni yangu, ndiyo maana alitaka hitma ile ipikwe na mimi. Nililia hadharani, wateja wananiona.

Siku hizi hukatiza maneno yake ghafla akaniuliza, "Nimesema nini?" nami nayarudia kama mtoto wa madrasa mbele ya mwalimu. Nikikosea, anaanza upya tangu kwenye kikohozi. Na mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: mtu mzima akizungumza, hata kama gauni ni la bibi harusi na bibi harusi mwenyewe kasimama mlangoni, cherehani inazimwa.