Kichupa Alichokataa Kupeleka

Mume wangu alikuwa anaumwa akienda haja ndogo, anapata nafuu, anaumwa tena. Kila mara yule wa kemisti, duka la dawa hapa Kaplong, alimpa vidonge vya magonjwa ya zinaa, nami nikapewa vyangu. Nilivimeza nikimkazia macho mume wangu. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilihamia chumba cha binti zetu walioolewa, nikafunga nguo tayari kurudi kwa ndugu zangu.

"Sina mtu mwingine," alisema mara moja tu.

Daktari mmoja wa Kericho, mzee wa makamo yetu, ndiye aliyeuliza mbona hakuna aliyepima tezi dume. Akaibonyeza, akapata matone ya maji yake, akamwambia ayapeleke maabara. Kumbe msichana wa maabara alikuwa binti wa mtu aliyetahiriwa pamoja na mume wangu. Kwetu huyo ni mwanao, na mambo ya uume wako hayafiki mbele yake. Mume wangu akatoka na jasho usoni, akanisukumia kichupa mkononi, akaenda kusimama getini. Basi nikakipeleka mimi. Majibu yalipokuwa tayari baada ya siku kadhaa, akanituma mimi tena, yeye akabaki getini.

Binti alinieleza polepole. Maji yale yalijaa seli nyeupe, askari wa mwili. Sehemu ya maji ilipelekwa maabara kubwa ya Nairobi, wakapima alama zilizo juu ya hizo seli, na alama zilionyesha vita vya siku nyingi. Bakteria waliopatikana ni wa matumboni, wale ambao kila mtu anatembea nao. Walikuwa wamejificha ndani ya tezi, na vidonge vya siku chache vilikuwa vinawatuliza tu.

"Mama, hii hailetwi na mwanamke," alisema.

Nikamfuata mume wangu getini, nikamweleza yote, na kwamba sasa dawa ni ya wiki nyingi. Nilingoja aseme alikuwa ameniambia. Alitazama viatu vyake.

"Kwa hivyo si wewe uliyeniletea," alisema.

Ngoja kwanza. Miezi yote niliyomnunia, yeye alijua hajatoka nje ya ndoa, na yule wa kemisti anasema ni ugonjwa wa zinaa. Angefikiria nini? Na bado kila asubuhi alikuwa ananiletea chai mlangoni.

"Nilikuwa nimeshakusamehe," akaongeza.

Haki, nilikasirika kuliko siku zote. Kusamehewa kitu sijafanya! Nikamgombeza pale pale watu wakitazama, halafu nikalia. Tulienda kutafuta dawa nimemshika mkono, kitu ambacho watu wa umri wetu hawafanyi barabarani.