Hisabati ya Kurisiti

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa Keza na mama, tunapalilia maharage. Jirani aliyekuwa anatoka mjini Ngara alisimama njiani, akatusalimia, akauliza habari za mvua. Kisha akauliza tena habari za mvua, kana kwamba mvua ya kwetu ilikuwa tofauti na iliyomlowesha yeye njiani. Nikajua. Nilikuwa nimepata divisheni ya nne, ile ya mkiani kabisa, na Hisabati nilikuwa nimepata F. Mama alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akaanza tuta jingine, nami nikamfuata kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Siku hizi watu wakisikia miaka ya wakimbizi wanadhani taabu ilikuwa ya wakimbizi peke yao. Wenzetu walifika wamechoka kuliko sisi, hilo silibishi. Lakini walipovuka mpaka wale wengi kutoka Rwanda na Burundi, vilima vyetu viligeuka buluu kwa maturubai kabla hatujamaliza hata kushangaa. Miti ikaisha, mama akawa anafuata kuni mbali mpaka anarudi jua limezama. Walimu nao wakaisha, ila hilo halisemwi sana. Mashirika ya misaada yalikuja yanatafuta mtu anayejua Kiingereza, anayejua kuhesabu, na anayejua Kihangaza, lugha yetu, maana Mhangaza na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Nani mwenye hivyo vitatu kama si mwalimu wa sekondari?

Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa mzaliwa wa Nyakisasa. Ijumaa alituachia maswali ya milinganyo, akasema Jumatatu tutasahihisha. Jumatatu hakuja. Baadaye tulimwona akipita barabarani kwenye gari jeupe lenye antena ndefu, amekaa mbele, kiwiko nje ya dirisha. Alitupungia mkono. Wengine walimpungia. Mimi pia nilimpungia, na hadi leo nikikumbuka mkono ule naukasirikia.

Hakuletwa mwingine. Kipindi cha Hisabati kikawa kipindi cha kuchota maji ya jikoni au kufyeka. Mkuu wa shule alituambia tusome wenyewe kwa vikundi, nasi tukasoma kwa vikundi, yaani asiyejua akamfundisha asiyejua. Siku ya mtihani nilifungua karatasi nikaelewa swali la kwanza. Nililifanya polepole sana, ili muda upite.

Chuo cha ualimu kilichonipokea kilikuwa na sifa moja kubwa: kilinipokea. Wengi wetu pale tulikuwa mabaki ya mitihani, watu waliotaka kuwa manesi, makarani na mabwana shamba, tukaishia kujifunza kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka. Ajabu ni kwamba nilifanya vizuri. Nilimaliza cheti nikiwa miongoni mwa wa juu, nikapangiwa shule ya msingi Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, na mwalimu mkuu alipoona hakuna anayetaka Hisabati akanipa mimi. Mimi mwenye F. Kila jioni nilisoma kurasa za kesho yake, na asubuhi nikasimama mbele ya watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na watoto wa familia zilizotoka Burundi zamani, nikawafundisha kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Nilitaka chuo kikuu. Nimejaribu mara nyingi kutafuta sababu ya kupendeza na sijaipata. Nilikuwa nimechoka na neno "angalau". Angalau umepata chuo. Angalau una ajira. Angalau wewe hukuolewa ukiwa darasa la saba. Kila aliyenipongeza alianza na neno hilo, na hata mama alikuwa nalo, ingawa yeye alilisema kwa huzuni. Nilitaka kitu kimoja maishani ambacho mtu angekitaja bila kukitangulizia "angalau".

Chuo kikuu kilikuwa na mlango wa watu kama mimi, waliokwisha kufanya kazi: mtihani wao wa kujiunga, bila kupitia kidato cha tano na cha sita. Ila ili nisomee kufundisha Hisabati walitaka niwe nimeifaulu kidato cha nne. Kwa hiyo nikarisiti. Nilisoma peke yangu kwa taa ya chemli, nikaenda kufanya mtihani pamoja na watoto wenye magoti meupe kwa vumbi, nikafeli. Mwaka uliofuata nikafeli tena. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilipika ugali nikala, nikasahihisha madaftari ya darasa la tano, nikalala. Kuchoka kwa namna ile hakuondoki kwa usingizi. Nilijiambia nitajaribu mara moja tu tena, na baada ya hapo nitajifunza kulipenda lile neno.

Likizo ile nilirudi nyumbani. Barabara ya kutoka Biharamulo ilikuwa na majambazi, magari yakawa yanaondoka kwa msafara na askari mbele, nami nilipanda juu ya magunia ya mahindi ya kambini. Nilifika Keza nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Mama aliniwekea maji ya kuoga, akangoja nimalize, ndipo akaniambia kuwa yule mwalimu amerudi kwao Nyakisasa.

Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kurejeshwa kwao, na Warundi waliobaki hawakuhitaji watu wengi vile. Shirika lake lilifunga virago. Serikali nayo haikumtaka, kwa kuwa aliacha kazi bila ruhusa na jina lake lilikuwa limeandikwa mtoro. Sasa alikuwa na duka dogo kando ya barabara, anauza sabuni, chumvi na mafuta ya taa.

"Tutampelekea rubisi," mama alisema. "Atakufundisha."

Nikamwambia afadhali nifeli.

"Feli. Lakini usifelie hapa kwangu, nimechoka kukutazama."

Akaivisha ndizi shimoni, akazikamua, akaacha togwa lichache na mtama kama inavyotakiwa. Aliisimamia pombe ile kwa makini kuliko aliyoipika siku ya kumzika baba. Ilipokuwa tayari aliijaza kibuyu, akaziba mdomo wake kwa jani la mgomba, akachagua mrija mpya, tukaenda.

Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya duka. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa bado lina alama ya shirika kifuani, imepauka. Alisimama alipotuona. Nilimwamkia, naye akamwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwarimu," mama akasema. Alijibu kwa Kiswahili na akaendelea kwa Kiswahili, lugha anayoitumia ofisini na sokoni kwa watu asiowajua, ingawa nyumba alimozaliwa mwalimu unaiona kutoka shamba la shangazi yangu. "Huyu ni yure mutoto wako wa sekondari. Ameferi Hisabati mara tatu. Anataka kwenda chuo kikuu. Tumekuja kukuomba."

Akaweka kibuyu miguuni pa mwalimu, akaweka mrija juu yake, akarudi nyuma, akaikusanya mikono ndani ya kanga.

Kwetu anayeleta pombe huivuta yeye kwanza, mbele ya anayepewa, ndipo ampe mrija. Ni jambo dogo ambalo hata mlevi halisahau. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu, na moyoni mwangu hamna kitu. Ukimpa mtu pombe bila kuionja, umemwambia jambo ambalo kwa mdomo lingewapeleka kwa mtendaji wa kijiji. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea. Nilimtazama mama, nikidhani amepitiwa. Hakuwa amepitiwa. Alikuwa anamtazama mwalimu usoni, ametulia kabisa.

Nilimchukia mama kwa dakika ile. Alikuwa na haki zote za kukasirika, lakini hasira yake ilikuwa imeshika chuo kikuu changu, na mwalimu alikuwa na haki ya kuturudishia kibuyu na kuingia ndani. Mtu yeyote mwenye heshima zake angefanya hivyo. Hakuna Mhangaza ambaye angemlaumu.

Mwalimu alikaa chini. Aliutazama mrija kwa muda, akauchukua, akatoa jani, akavuta. Alivuta pumzi nzima. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema kwa Kihangaza kwamba ni tamu.

"Asante, mwarimu," mama akajibu kwa Kiswahili.

Mwalimu akanigeukia. "Njoo kesho na daftari. Mapema, kabla wateja hawajaanza."

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza mama kwa nini. Alitembea kwanza, akapandisha kilima, akasema, "Nilisema tutampelekea. Sikusema nitamwonjea." Hatukuongea tena habari hiyo.

Nilikaa kwa shangazi likizo nzima. Mwalimu alinifundisha nyuma ya duka, akiandika kwa mkaa kwenye ubao wa mlango na kufuta kwa gunia. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa mkali vilevile, anakoroma akiona kosa, na kila mteja alipogonga alitoka kupima chumvi akarudi katikati ya sentensi ile ile aliyoiacha. Sikumsamehe, naye hakuniomba. Nilikuwa naamka na hasira zangu, nazipeleka Nyakisasa, na kusema kweli zilinisaidia nisisinzie. Lakini kuna kitu kilichonichosha zaidi ya hasira. Aliponieleza milinganyo, niliielewa. Mambo niliyoyabeba miaka yote hiyo kama upumbavu wangu yalikuwa mepesi, yanafundishika kwa asubuhi mbili tatu na kipande cha mkaa. Nilikaa pale kwenye debe nikaona uchungu ambao nisingeweza kumweleza mtu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hakutuaga.

Hakuniangalia. "Ningewaaga mngeniuliza nani atawafundisha. Sikuwa na jibu." Akagonga daftari langu. "Hapa umekosea alama. Ni hasi."

Nilifaulu. Nilipata C, na ile C niliiangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufa, bila kuthubutu kufurahi. Mtihani wa kujiunga na chuo kikuu nao nikaufanya, nikaupita. Mama alipopata habari alikaa kwenye kigoda, akasema, "Chuo kikuu," kisha akanyamaza nikangoja lile neno lifuate. Halikufuata. Nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Chuo kilifungua wakati shule yangu iko katikati ya muhula. Ruhusa ya kwenda masomoni nilikuwa nayo. Nilimuuliza mwalimu mkuu nani atachukua Hisabati. Alikuwa anatafuta chaki kwenye kabati na hakuacha kuitafuta. "Tutaona," akasema. "Wewe nenda, usijali." Tulikuwa walimu wachache pale, na nilimfahamu kila mmoja na jinsi alivyolikimbia somo lile.

Darasa la sita tulikuwa kwenye mada ya sehemu. Walikuwa ndio kwanza wanaanza kuzishika, wale wa nyuma nao wameanza kunyoosha vidole. Nilikuwa nimeazimia kuwaaga, hata kama watauliza, hata kama sitakuwa na jibu. Nilisimama mbele yao nikawaambia kwamba naondoka leo, nakwenda kusoma chuo kikuu, Dar es Salaam.

Hakuna aliyeuliza chochote. Kwanza walinitazama, halafu kiranja akasimama, akasema, "Tumpigie mwalimu makofi," wakanipigia. Walipiga kwa nguvu na kwa furaha ya kweli, wengine wamesimama juu ya madawati, maana hawakuwahi kumwona mtu wa kwao akienda huko. Nilitamani waache. Niliwaambia waache, wakadhani naona aibu, wakazidisha.

Kisha wakatoka wote kunisindikiza. Wasichana walibeba sanduku langu kichwani kwa zamu, wavulana wakagombea godoro, tukashuka hadi barabarani kungoja lori. Lilichelewa. Walikaa kwenye majani wakiimba, wakinihadithia mambo ya ng'ombe wao, wakiniuliza kama huko Dar kuna mvua. Mimi nilikuwa nageuka kila mara kutazama shule. Kengele iligongwa, nikaisikia vizuri kabisa, nao waliisikia. Kilikuwa kipindi cha Hisabati, na hapakuwa na mtu wa kuja kuwaita darasani.