Mkeka Mkavu

Mnisamehe, hili nitalisimulia vibaya. Jukwaani nimezoea watu wacheke mwishoni, na hapa mwisho wenyewe sijauzoea.

Nilipokuwa mtoto kule Mtunda, bibi yetu alishika neno moja: anayechezea moto mchana, usiku atakojoa kitandani. Wenzake walilitumia kutishia watoto, yeye alilifanya mahakama. Njiti za kiberiti zikipungua, hakumuuliza mtu. Alfajiri alipita akipapasa mikeka.

Wangu ulikuwa mkavu daima. Wa mdogo wangu Hemedi, aliyekuwa bado hajaanza shule, ulilowa hata kiberiti kisipoguswa.

"Si mie, bibi!"

"Mkeka unasema ni weye."

Na mimi, mwizi wa kiberiti, nilisimama pembeni nikiigiza Hemedi anavyokojoa. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Hiyo ndiyo ilikuwa komedi yangu ya kwanza.

Hakuna aliyeniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye moto, wala aliyenifundisha kuuzima. Basi msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka, tukapelekwa kwenye shamba la mpunga, tukawa tunashinda juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu. Mchana mmoja Hemedi kapitiwa na usingizi, mimi nikawasha nyasi kidogo tu, nione zinavyojikunja. Paa likashika. Nikaruka chini, peke yangu.

Mjomba ndiye aliyepanda kumtoa Hemedi, mkono wa kushoto wa mtoto umeshaungua. Bibi alikuja mbio, akamkumbatia huku analia, kisha mkono wake ukagusa kaptula ya mtoto. Imelowa.

"Ah, Hemedi! Nilikwambia, mwanangu."

Kesi ikaisha hapo.

Leo Hemedi ni mwalimu Kibiti. Akimkuta mtoto na kiberiti hampigi wala hamtishi. Humkalisha, akamuuliza taratibu, akamwita mzazi, wakamfundisha pamoja mapema, kabla mchezo haujakomaa. Juzi alinialika nikawachekeshe wanafunzi wake. Walicheka, nikavimba kichwa. Kisha kabinti kamoja kakanyoosha kidole: "Mwalimu, huo mkono ulifanywa nini?"

"Nilichezea moto nikiwa mdogo," akajibu Hemedi. "Sikumbuki hata nilivyouwasha."

Sikumbuki! Miaka yote hii anajitafuta kwenye kosa langu. Na mimi, mwenye mdomo unaojaza ukumbi, nikatazama viatu vyangu.

Alfajiri niliamka nikapapasa godoro. Kavu kabisa. Bibi angeniachia huru.