Mtandao Uliovutwa kwa Muda

Mwanangu, msimu ule wa mafuriko naukumbuka vizuri kuliko harusi yangu, na mke wangu asinisikie. Nilikuwa kijana, fundi wa mtandao katika hospitali moja hapa Bujumbura, chini ya mama mmoja mkali tuliyemwita Chef Yvonne. Kila jengo alikuwa amelipatia mtandao wake, na kati ya jengo na jengo ameweka rauta ya kuamua kipi kipite na kipi kibaki. Jengo moja likiharibika, mengine yaliendelea na kazi. Sisi vijana tulimwona mwoga.

Basi maji yakaingia maabara. Madaktari wakabeba mashine ya kupimia damu hadi jengo la wazazi, na huko ikagoma, maana anwani yake ilikuwa ya mtandao wa maabara na hatukuwa na ruhusa ya kuibadilisha. Rafiki yangu Déo, fundi mwenzangu, akaona njia rahisi: auvute mtandao wa maabara, ile VLAN yake, moja kwa moja hadi kwa wazazi bila rauta katikati, majengo mawili yawe kama chumba kimoja.

"Ni provisoire tu, ya muda, Chef," Déo alimwambia.

"Provisoire ya hapa kwetu haiishake," akajibu.

Lakini mkurugenzi alitaka, na Chef akanyamaza. Maji yakakauka, mashine ikarudi kwao, mtandao ule haukuondolewa. Famasia wakautaka, wakaunganishwa. Masijala nao wakaunganishwa. Mwishowe hata simu za mezani zikahamishiwa humo. Déo alisifiwa kila kona, nami nikamwonea wivu.

Adhuhuri moja, mama wa usafi kule masijala aliona kebo inaning'inia karibu na maji ya kupigia deki. Kwa wema wake akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Sasa ncha zake zote mbili zikawa zimeingia kwenye mtandao uleule, na ujumbe ukaanza kuzunguka na kuongezeka bila kukoma. Majengo yangekuwa yametengana, masijala peke yake ingekwama. Ilikwama hospitali nzima, na simu zake.

Wakati huo Claudine, dada yake Déo, alikuwa ametoka kujifungua na damu haikatiki. Mkunga akapigia simu benki ya damu, kimya. Akapiga tena, kimya. Akatoka mbio mwenyewe kwenye mvua, na aliporudi na damu, Claudine alikuwa ameshakata roho.

Msibani, mtaani Carama, nilianza kumlaumu mama wa usafi. Chef Yvonne alinikatiza mbele za watu.

"Muache uyo mama. Kukosea kable ni ya kila siku. Ukuta kati ya mitandao ni sisi tulibomoa, na mi nilinyamaza."

Déo alikuwa amekaa karibu, amesikia yote. Akaniuliza polepole, "We, kama singeunga ile, Claudine angepona?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa najua, na yeye aliona kwamba najua. Hakurudi kazini. Leo anapakua mizigo bandarini, na tukikutana tunaongea habari za mpira.

Kwa hiyo, mwanangu, unayeanza kazi hii, nakuambia bila kuzunguka. Kila jengo liachie mtandao wake. Wakikulazimisha kuuvuta hadi jengo jingine, kabla hujagusa kitu uliza ni nani atakayeutoa na lini, na kama hakuna anayejibu, kataa. Watakuita mkaidi, watamsifu mwingine mbele yako. Itauma, vumilia. Wale unaowafanyia kazi hawatajua kamwe ulichowaepusha, na hawatakushukuru.

Mungu akupe kichwa kigumu pale panapohitajika. Na siku wa nyumbani kwako watakapolazwa humo unamofanya kazi, simu ya mkunga ipokelewe.